Filamu ya simu, kitabu cha mkononi: namna ya kumtengenezea mtoto kitabu cha picha nyumbani

Kila Sikukuu ya Idi ikikaribia maswali huwa yale yale. "Mimi sijui kuchora, nitaweza?" "Kitabu kiwe na kurasa ngapi?" "Wanangu wanapenda katuni tu, kitabu hawakigusi, nifanyeje?" Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, basi nimeandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Kazi yenyewe ni hii: unawachezesha watoto hadithi fupi, unaipiga vidio kwa simu, kisha kutokana na vidio hiyo mnatoa kitabu cha picha. Wenye makampuni ya filamu wanafanya hivyo kila siku; filamu ikitoka, na kitabu chake kinaletwa dukani. Ila vingi ya vitabu hivyo vinataka kubeba filamu nzima ya saa moja na nusu ndani ya kurasa 24. Maneno yamebanana, picha za giza, mtoto anafunua mara mbili halafu anaomba simu. Sisi filamu tutaitumia kwa jambo jengine kabisa: ituoneshe watoto wanapiga kelele wapi. Pale wanapopiga kelele ndipo ukurasa utakapofunuliwa.

Mfano wangu humu ni hadithi ya kima na papa. Wengi mnaijua kwa bibi zenu. Imo pia ndani ya kisa cha punda wa dobi, katika hadithi za Unguja alizozichapisha Edward Steere mwaka 1870. Kima anakaa juu ya mkuyu, anamtupia papa matunda, wanakuwa marafiki. Siku moja papa anamwalika kwao, anampakia mgongoni, na wakifika katikati ya bahari anamwambia kuwa sultani wao anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Yaliyobaki mtayaona mbele.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Simu moja yenye kamera. Ya kawaida inatosha.
- Karatasi nyeupe za A4: nne kwa kila kitabu, na nyengine kumi za kuharibu. Ukipata za gramu 100 chukua, kwa sababu zile za gramu 80 picha ya nyuma huonekana mbele.
- Karatasi ya manila, ukubwa wa A4, ya jalada.
- Penseli, raba, rula, kalamu nyeusi ya wino mzito, na rangi za watoto.
- Sindano nene, msumari mdogo, na uzi. Ule wa kushonea kofia unafaa sana ukiutia mara mbili.
- Shuka jeupe la kuoneshea filamu kama utapata projekta ya kuazima. Ukikosa, televisheni au simu yenyewe.

Stepla sikuiandika, na sikusahau. Kwa hewa yetu ya chumvi pini zinaota kutu, na baada ya masika moja tu utaikuta alama nyekundu katikati ya kitabu.

Hatua

1. Chagua hadithi ya watu wawili au watatu, mahali pasizidi pawili.

Hadithi ikiwa na sultani, waziri, binti, jini na safari saba, iache kwa mwakani. Kima na papa ina mti na bahari, basi. Watoto wakikuomba mfanye katuni waliyoiona kwenye televisheni, mnaweza, lakini hicho kitakuwa kitabu cha nyumbani tu. Nitalirudia jambo hili mwisho.

2. Pigeni vidio.

Simu ilale ubavu, si wima. Jua liwe nyuma ya anayepiga. Kila tukio lipigeni peke yake, sekunde kumi au ishirini, na kabla ya kukata mwambie mtoto atulie kidogo kama anayepigwa picha. Kule kutulia ndiko kutakakokusaidia kwenye hatua ya 5, usikudharau.

Kama hadithi yenu ina bahari, jueni maji. Mwaka wa kwanza mimi niliwabeba watoto asubuhi hadi pwani ya mashariki, papa wetu keshavishwa kanga iliyopauka, kima kafungwa mkia wa ukambaa, tukakuta bahari imekwenda zake. Mchanga mtupu, na akina mama kwenye mwani kwa mbali. Papa alilia. Kwetu Unguja mwezi ukiandama au ukipevuka ndiyo bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Sikukuu ya Mfunguo Mosi, ile Idi ya baada ya Ramadhani, inakuja na mwezi mwandamo, kwa hiyo Sikukuu Pili saa kumi jioni maji yako tele na jua limepoa. Hiyo ndiyo saa yenu.

*Tahadhari:* papa asiingie zaidi ya magoti, na mtu mzima awe ndani ya maji, si ufukweni na simu mkononi. Anayepiga vidio hawezi kulinda mtoto.

Mkuyu hatukupata. Tulitumia mkungu ulioinama pwani na hakuna mtoto aliyelalamika.

3. Muombe ruhusa mzazi wa kila mtoto wa jirani.

Hatua fupi hii, lakini watu wanairuka. Muulize kabla ya kupiga vidio, mwambie filamu itaoneshwa wapi. Sura za watoto hazitatokea kitabuni, maana tutazichora, na hilo huwapa wazazi wengi utulivu.

4. Ioneshe filamu, nawe watazame watoto.

Hapa ndipo roho ya kazi yote. Aliyewahi kukaa Ngome Kongwe, Unguja mjini, usiku wa Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi, linalofanyika tangu 1998, anajua kuwa watazamaji wetu hawanyamazi. Wanamwonya mtu wa ndani ya filamu, wanamcheka, wanajibizana naye. Nyumbani ni vivyo hivyo. Tundika shuka uani baada ya isha, anza kwa "Paukwa!" ili wakuitikie "Pakawa!", kisha kaa pembeni uwaelekee wao, kalamu mkononi, na uandike kila wanapopaza sauti.

Mimi nilikuwa na hakika watapiga kelele papa akitaja moyo. Hawakupiga. Walinyamaza, wadogo wawili hata hawakuelewa. Kelele zilikuja mapema zaidi, pale kima aliponyoosha mguu kutoka kwenye tawi kutaka kukanyaga mgongo wa papa. Mtoto wa jirani wa miaka minne alisimama akaliendea shuka: "Usipande! We! Usipande!" Nikaandika: *mguu*. Ule mguu ndio uliokifanya kitabu.

Ioneshe mara mbili. Mara ya pili wanapiga kelele kabla ya tukio, na hapo unajua umepata.

5. Chagua picha za kurasa 14.

Kitabu chetu kina kurasa 16. Vya madukani mara nyingi ni 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa kwa mafungu ya 8 au 16. Kwa anayeanza 32 ni mateso. Ukurasa wa 1 ni wa jina la kitabu, wa 16 ni wa majina ya walioshiriki, na hadithi inakaa kuanzia 2 hadi 15.

Isimamishe vidio pale mtoto alipotulia na upige picha ya skrini. Kisha zipange ukikumbuka sheria moja: kelele ikae ukurasa wa kulia, yaani wa namba witiri, na jawabu lake liwe nyuma ya ukurasa huo. Sisi tulipanga hivi:

Kurasa 2 na 3, kima juu, papa chini. 4 na 5, matunda yanaanguka na urafiki unaanza. 6, papa anaalika. 7, mguu umening'inia hewani. *Funua.* 8 na 9, bahari tupu kushoto hadi kulia, na kima mdogo mgongoni. 10, papa anasema lililomo moyoni mwake. 11, uso wa kima. *Funua.* 12 na 13, wanarudi mbio. 14 na 15, kima yuko mtini, papa anangoja.

Kurasa 8 na 9 sikuziweka pale kwa bahati. Kwenye kitabu cha kurasa 16 hapo ndipo pekee, katika hadithi, picha ya kurasa mbili inapokaa juu ya karatasi moja isiyokatika. Picha yenu kubwa kuliko zote iwekeni hapo.

6. Kopa mistari kutoka kwenye skrini.

Na hili ndilo jibu la "sijui kuchora". Ongeza mwanga wa skrini hadi mwisho, zima taa ya chumbani, weka karatasi nyeupe juu ya simu na ufuate mistari kwa penseli, taratibu, bila ya kukandamiza. Vidole visiguse skrini, picha itahama. Picha hutoka upana wa sentimita 12 hivi, na hiyo inakaa vizuri sehemu ya juu ya ukurasa, maneno chini yake. Ile ya kurasa 8 na 9 ipeleke kwenye mashine ya kopi ikuzwe kwa asilimia 200.

Usifuate kila kitu. Mstari wa mwili, macho, mkono, mstari wa maji, basi. Kisha badilisha unachotaka: mtoto awe kima kweli, kanga iwe papa kweli. Kwa kima mtazame kima punju, ambaye duniani kote asili yake ni Unguja tu na kwenye msitu wa Jozani unamkuta karibu na njia: mgongo mwekundu, nywele nyeupe zimesimama, mkia mrefu. Vidole vya mikono yake mchoreeni vinne, kwa sababu gumba hana, ana kinundu tu. Binti yangu wa miaka sita alilikamata hilo akawa anamsahihisha kila anayechora vitano.

Ukimaliza, pitisha kalamu nyeusi juu ya penseli, ngoja ikauke, ndipo ufute. Rangi wape watoto, baada ya kutoa kopi, ili kila mtoto apate kitabu chake na apake apendavyo. Kitabu kimoja chetu kina papa wa waridi.

7. Andika maneno, kisha uyapunguze.

Maneno yanakuja baada ya picha, na wengi wanalifanya kinyume. Kwa watoto wa skuli ya maandalizi mimi sivuki maneno 25 kwa ukurasa, na kurasa nyengine hazina hata moja. Nilichoandika mwanzo kwa ukurasa wa 3 ni hiki:

"Kima alikuwa amepanda juu ya mkuyu mkubwa uliokuwa karibu na bahari, akawa anakula matunda kwa furaha kubwa, huku papa akiwa chini anamtazama."

Lakini mti tunauona. Bahari tunaiona. Furaha iko usoni. Nikafuta, nikabakisha:

"Kima anakula.
Papa anangoja.
Po! Kuyu moja limeanguka."

Ukurasa wa 7 ni maneno ya papa tu: "Njoo, mgongo wangu mpana." Kurasa 8 na 9 hazina kitu. Wa 12, kima anasema, "Ah, ndugu yangu, ungesema mapema! Sisi mioyo yetu tunaiacha mitini." Na wa 15: "Papa akangoja. Akangoja. Akangoja." Sikusema kuwa kima alimdanganya. Mtoto mwenyewe atakwambia, na atakwambia kwa kujitapa.

Soma kwa sauti mbele ya mtu mzima anayekijua Kiswahili vizuri. Bibi ndani ya nyumba anatosha. Yangu ilisahihishwa mahali pawili jikoni, mkate wa kumimina uko motoni.

8. Panga kurasa kwenye karatasi nne.

Hapa watu wanapotea, basi twende polepole. Kila A4 ilaze, ikunje kati, inakuwa kurasa nne. Ukitaja namba ya kushoto kwanza:

- Karatasi ya 1: nje 16 na 1, ndani 2 na 15.
- Karatasi ya 2: nje 14 na 3, ndani 4 na 13.
- Karatasi ya 3: nje 12 na 5, ndani 6 na 11.
- Karatasi ya 4: nje 10 na 7, ndani 8 na 9.

Namba mbili zinazokaa pamoja lazima zijumlike 17. Jumla isipokuwa 17, umekosea. Kabla ya kubandika picha na maneno juu ya karatasi hizo, kunja karatasi nne tupu, zitie moja ndani ya nyengine, andika namba kwa penseli kama unavyosoma kitabu, kisha zitenganishe utazame. Mara moja hiyo inafunza kuliko maelezo yangu yote.

9. Toa kopi mbele na nyuma.

Mwambie kijana wa kopi ageuze kwa upande mfupi. Akigeuza kwa upande mrefu, nyuma yote itatoka kichwa chini miguu juu. Toa nakala moja, ikunje pale pale dukani, uisome yote, ndipo uombe zilizobaki. Mimi niliwahi kuona haya kumchelewesha mtu, nikabeba nakala kumi na mbili nyumbani, na zote ukurasa wa 10 papa anaogelea mgongo chini.

10. Shona.

Tia karatasi nne ndani ya manila iliyokunjwa. Kwenye mkunjo toboa matundu matatu kwa msumari: moja katikati, na mengine sentimita 4 kutoka kila mwisho. Anzia ndani, tundu la katikati, utoke nje. Ingia ndani kwa tundu la juu. Pita kwa ndani moja kwa moja hadi tundu la chini, bila ya kuingia la katikati, utoke nje. Rudi, ingia ndani kwa la katikati. Sasa ncha mbili za uzi ziko ndani. Ziache kila moja upande wake wa ule uzi mrefu, zifunge fundo juu yake. Kata, bakisha sentimita moja.

Usivute sana. Karatasi itachanika kwenye tundu na huna la kufanya ila kuanza upya.

Mambo yakikwama

*Picha za skrini zimetoka nyeusi kwenye kopi.* Ulichapisha picha yenyewe badala ya kuichora. Rudi hatua ya 6. Kama lazima uichapishe, ongeza mwanga kwenye simu kwanza mpaka uione imepauka. Mashine itaitia giza yenyewe.

*Watoto hawakupiga kelele hata mara moja.* Labda waliona haya, kulikuwa na wageni. Onesha tena wakiwa peke yao. Wakinyamaza tena, hadithi haina hatari ndani yake. Mtafutie kima papa.

*Kurasa za kati zimetokeza nje kuliko za pembeni.* Ni kawaida ya karatasi zikikunjwa pamoja. Kata ukingo kwa rula na wembe, lakini ukumbuke kutoweka maneno karibu na ukingo kwa sentimita moja na nusu.

*Mende wamekula jalada.* Umetumia gundi ya unga. Mende na wadudu wa vitabu wanaipenda kama sisi tunavyopenda urojo. Shona, usigandishe.

*Kuvu.* Kitabu kisikae kabatini Machi hadi Mei. Kiache mahali penye upepo, kwenye rafu iliyo wazi. Chenye madoa kifute kwa kitambaa kikavu, kianike kivulini, si juani, maana rangi itaruka.

*Mtoto anakisoma kwa kichwa, hatazami maneno.* Mwache. Siku moja ruka ukurasa kwa makusudi uone atakavyokushika.

*Naweza kukiuza?* Kama ni katuni ya televisheni, hapana; wale wahusika wana wenyewe. Kama hadithi mmeitunga au ni ya bibi, pita COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kwanza uulize, hata kwa hadithi za kale. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003, usichukue majibu ya mtu wa Bara ukayatumia huku. Majina ya watoto wa jirani kwenye ukurasa wa 16 nayo muulize tena mzazi, kwa sababu ruhusa uliyopewa ilikuwa ya filamu ya uani.

*Watoto wanataka kingine, na Sikukuu imekwisha.* Kwa Mfunguo Tatu, mwezi wa Idi ya kuchinja, Idi inaangukia siku ya kumi ya mwezi, na maji yanakuwa mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Chagueni hadithi ya nchi kavu.